Hotuba ya Bweni

Mwaka 2013 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo kwa imani tu, siku Odilia wa kidato cha pili aliponifuata nyumbani Kagerankanda na karatasi mkononi. Alikuwa amechaguliwa kusema kwenye mkutano wa wazazi, aombe bweni la wasichana. Likikosekana, mwakani anashika jembe. Baba yake, mzee Anania, alishasema hasomeshi mtoto anayechelewa shule kila siku.

Nikasoma. Nusu ukurasa ulikuwa salamu.

"Umesalimia mpaka mbuzi wa mwenyekiti," nikamwambia. "Bweni liko wapi?"

"Nyuma ya karatasi. Kaka Nestori, niandikie wewe. Wewe una maneno."

"Ninayo. Wakikuuliza swali, utaniita nikujibie?"

Akanuna. Nikaikalia mikono yangu isije ikadandia kalamu, nikamuuliza asubuhi ya mvua inakuwaje. Akasema kwa shida: mto wa njia ya shule hujaa, wasichana huweka sketi na madaftari kichwani, huvuka, kisha hujificha kwenye migomba kuvaa. Na ng'ambo huwa kuna vijana wamekaa, wanatazama.

"Andika hivyo hivyo."

"Aibu."

"Aibu ya nani?"

Akageuza karatasi. Halafu akaanza upya. Akarudi kesho yake, na kesho yake tena, kila mara salamu zimepungua na mto umeongezeka. Nikampa kichekesho cha kufungulia, kitamu kwelikweli. Akakifuta.

"Wakicheka hawatauona mto."

Iliniuma, ila alikuwa sahihi.

Siku ya mkutano alisoma taratibu. Alipofika kwenye migomba, minong'ono ikakatika. Mzee Tharsisi, mmoja wa wazee wa kijiji, akanyoosha mkono. "Binti, hata sisi tulivuka mto huo."

Odilia akaikunja karatasi. "Mlivuka, babu. Mlitazamwa?"

Mzee akashusha mkono. Akasimama baba yake.

"Odilia, mbona mimi hukuniambia?"

"Nilikuwa sijapata pa kuanzia, baba."

Mzee Anania akavua kofia, akaivaa tena. "Nina tofali nimeshachoma, za nyumba yangu. Bweni lianze na hizo. Na huyu mwakani anasoma."

"Mabati je?" akauliza Tharsisi.

Wakabishana mabati, geji gani, rangi gani, mpaka mkuu wa shule akawaomba wazee walau wachimbe msingi kwanza.