Duka la Mzee Mansukh Lahamia Magharibi

Jumatatu asubuhi Mansukh alifungua duka lake la Tooting, Uingereza, akapanga bamia nje, kisha akaona kwamba lile bucha la ng'ambo ya barabara halimwelekei tena. Duka lake lilikuwa limesogea milango mitatu. Siku chache kabla, binti yake Kokila alikuwa amechaguliwa diwani, na katika hotuba ya shukrani alisema nchi imejaa.

Mansukh aliiandikia halmashauri. Baada ya wiki mbili wakamletea namba mpya ya mlango.

Kokila alipoingia bungeni kwa ahadi ya kukaza mipaka, duka lilihamia Wimbledon, likajibana kati ya kinyozi na fundi baiskeli. Alipopewa uwaziri, likafika Hounslow na magunia yake yote. Lilikuwa likielekea magharibi tu, na Mansukh alijua huko mbele kuna uwanja wa ndege. Alishukia hapo mwaka 1968, kijana wa miaka kumi na tisa kutoka Kisumu. Sasa chakula hakikumshuka. Taarifa ya habari aliisikiliza amesimama, ameishika mizani isije ikaanguka.

"Mzee, leo nimepanda basi tatu kufuata unga," alilalamika Shiku, muuguzi aliyekuwa mteja wake tangu Tooting.

"Chukua pakiti mbili, binti. Wiki ijayo sijui nitakuwa wapi."

"Kwani Kokila hujamwambia?"

Jioni ile Mansukh alimpigia binti yake simu. "Ukishinda uongozi wa chama, mimi nitafikia wapi?"

Kokila alimjibu kwa Kiingereza, kama alivyozoea tangu utotoni, kwamba sheria yake ya mipaka haiwahusu watu kama baba yake. Inawahusu wanaokuja sasa.

"Hata mimi nilipokuja, mwanangu, ilikuwa sasa."

Lakini Kokila alikuwa ameshaitwa jukwaani.

Alishinda Jumamosi alasiri, kwa kura nyingi. Duka likatua taratibu katika ukumbi wa abiria wanaowasili, upande wa wale ambao bado hawajagongewa mhuri. Ofisa alimwomba Mansukh pasipoti yake ya Uingereza, akaikagua kurasa zote, akampa namba arobaini na tatu. Walikuwa wameita ya tatu.

Jumanne kiongozi mpya wa chama alikuja kukagua madirisha ya uhamiaji, akiwa na waandishi wa habari. Alimkumbatia baba yake, akamuuliza kama amekula. Mansukh akasema amekula. Kokila akawaambia waandishi kwamba foleni hii ndiyo kwanza inaanza kufanya kazi, kisha akatoka kupitia mlango wa raia.

Mansukh aliitia namba yake mfukoni, akarudi kaunta. Mwanamke aliyetua punde tu kutoka Mombasa, mtoto mgongoni, alikuwa akichagua ndizi.

"Shikamoo, mzee. Uko hapa tangu lini?"

Mansukh alifikiri kwanza, asije akasema uongo mbele ya ofisa.

"Marahaba. Tangu Jumamosi," akasema, akampimia ndizi.