Matete ya Ukaguzi

Wanajeshi wa uasi walifyeka matete yote kwenye mdomo wa mto unaoingia ziwani, karibu na Mboko, wakidai wapiganaji wa Mai-Mai wanajificha humo. Mvua za miaka miwili zikatosha: ukingo ukamegeka, na shamba la muhogo la Marthe likaanza kuingia ziwani, tuta baada ya tuta.

Kiangazi cha 2001, utawala uleule wa wanajeshi ukakumbuka kwamba kuna sheria. Ukamtuma Bonaventure, ajenti wa mazingira, na karatasi yenye mihuri mitatu: ukingo urudishwe kama zamani kabla mkubwa wake hajaja kukagua.

"Mukate matete kule juu, muichomeke hapa kwa mustari," akawaamuru akina mama wenye mashamba hapo.

Marthe, aliyekulia kwenye matope hayo, akacheka kwa pua. "Bwana ajenti, ile iko fimbo. Haiko na mizizi. Itakufa."

"Siku ya mukubwa itakuwa bado mubichi."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake, Mama, mi niko Uvira."

Wakachomeka. Mkubwa akaja, tumbo mbele, akaisifu mistari iliyonyooka. Aliposhuka kutazama maji akateleza, akadaka tete moja. Likang'oka mkononi mwake, chini tupu kama mkia wa panya. Bonaventure akageukia ziwa. Mkubwa akalirudisha shimoni, akalikanyaga, akajifuta mikono.

"Imeshika muzuri," akasema, akatia sahihi.

Marthe akatema mate. Aliona haya kwa niaba yao, maana wenyewe hawakuwa nayo.

Walipoondoka, yeye na jirani yake Solange wakapanda mto hadi kwenye kinamasi ambacho askari hawakukifikia. Wakachimba mizizi ya matete pamoja na tope lake, wakaibeba kwa mabeseni, wakaizika mbele ya muhogo uliosalia. Mistari hawakuihangaikia; walifuata penye maji. Wiki tatu walirudia, migongo ikiwauma.

Mvua ziliporudi, zilifagia fimbo zote za Bonaventure. Matete ya Marthe yakalala, yakainuka tena.

Ndipo Bonaventure akatokea na kamera. "Mama Marthe, simama hapo pembeni ya kazi yetu."

"Yetu?" Marthe akamsukumia beseni. "Tungali na sehemu ile yote ya kupanda. Vua viatu, ingia."

Bonaventure akalitazama tope, akapiga picha moja kutoka barabarani, akawasha pikipiki. Marthe hakumsindikiza hata kwa macho. Alimwita Solange, wakaingia majini.