Kanga za Upupu

Nawal alichora kanga nyuma ya duka la ami yake, Muhiddin, pale Kariakoo, kati ya marobota na feni mbovu. Alichora mimea tu, na mimea ilitoka na moyo wake. Mwaka aliochumbiwa alichora asumini, na doti zile zilinukia mpaka zilipofuliwa mara ya tatu. Bibi yake alipofariki alichora mwarobaini. Waliojifunga kanga hizo waliona chai imekuwa chungu, wakaongeza sukari, maisha yakaendelea.

Kwenye pindo la kila kanga paliandikwa kwa herufi ndogo: Mchoro wa Muhiddin. Muhiddin hakuweza kuchora hata yai.

Asubuhi moja Nawal aliomba liandikwe jina lake mwenyewe.

"Mwanangu," Muhiddin alimjibu kwa upole, "kanga hufungwa kiunoni. Jina la binti yetu litembee kwenye makalio ya watu Bongo nzima?"

"La kwako je, Ami? Miaka kumi na mbili linatembea wapi?"

"Mimi mwanamume. Nimezoea."

Nawal alirudi mezani na hasira zake. Akachora upupu, maganda na vinyweleo vyake kimoja kimoja, siku nne mfululizo. Alijua kanga hizo zitadoda, na ami yake atakuja mwenyewe kuomba radhi, jina mkononi.

Mzigo ulipotoka kiwandani, mpagazi alijikuna kuanzia kwenye gari hadi dukani. Muhiddin naye akajikuna. Severa, muuza jumla wa mtaa wa pili, alikunjua doti moja, akajikuna shingo, akaipapasa tena kuhakikisha.

"Mzee, hii inawasha kweli kweli. Nipe mia."

"Utamuuzia nani?"

"Kwani nani hana wifi mji huu?"

Kufikia Ijumaa foleni ilikuwa imepinda kona. Mtego wa Nawal ulikuwa umenasa wateja.

Baada ya alasiri Muhiddin alikuja nyuma ya duka, akijikuna mgongo kwa rula ya Nawal, akamwekea karatasi mpya mezani.

"Kasirika tena, mwanangu. Watu wanaulizia."

"Na jina langu?"

Muhiddin alilifikiria jambo hilo kwa haki kabisa.

"Nikiliandika utafurahi," alisema. "Ukifurahi tutauza nini?"

Iliuma. Nawal alichonga penseli, machozi yakimlenga. Chini ya karatasi ami yake alikuwa ameshaandika: Mchoro wa Muhiddin. Akaanza na ganda la kwanza, nalo likawasha kuliko yote yaliyotangulia.