Kipande Kinono

Kwetu Kisangani mgonjwa ndiye anayepewa kipande kinono cha samaki, na asiyempa husemwa mtaa mzima. Kwa hiyo baba yangu, Papa Mahmoudi, fundi cherehani aliyeshikwa na mtetemeko wa mikono, nilimlisha samaki wa kapiteni kila mchana, kidonge chake nikakificha ndani ya tonge la kwanza.

Alikataa. "Rachida, sitaki samaki."

Nikamwambia aache kiburi, wajukuu wake wanakula sombe tupu, majani ya muhogo bila samaki, kwa ajili yake. Mwili wake ukazidi kukakamaa. Nikaenda kumtukana muuza dawa: vidonge vyako ni chaki!

Nilipoenda hospitalini, daktari ndiye aliyeniuliza, "Anakimeza na nini?"

Nikamjibu kwa fahari.

Akashusha pumzi. "Mama, ubongo wake umepungukiwa na dopamini, kemikali inayoongoza mwendo wa mwili, na kidonge ndicho kinachoirudisha. Lakini samaki akisagika tumboni anatoa asidi amino, nazo zinaingia ubongoni kwa mlango uleule wa dawa. Zikijazana pale, dawa inabaki nje. Kidonge kwanza, chakula baadaye."

Nilirudi nyumbani, nikamweleza baba. Alichukua muda mrefu kufungua mdomo. Hata ulimi ulikuwa umeanza kumwacha.

"Siku mbili ulikosa samaki sokoni," alisema. "Siku hizo niliweza kushika sindano. Nilishona vifungo viwili, nikakuonyesha shati. Ukasema, 'Iko muzuri, papa.' Kesho yake ukaleta samaki."