Mia Nane Iliyopotea Hewani

Uongo huu Eliya hakuuanza kwa mdomo wake, na kwa miaka miwili alijifariji kwa hilo tu. Ulianza na mtandao wa simu. Jumatatu moja, akiwa mashindanoni Tunisia, orodha ya ubora wa wachezaji tenisi duniani ilitoka, jina lake likiwemo kwa mara ya kwanza. Akapiga simu nyumbani, kijijini Kikwe.

"Umeshika namba ngapi?" akauliza baba yake, mzee Sumari.

"Mia nane na kumi na mbili!"

Simu ilikuwa inakatakata. Mia nane ikapotea hewani, mzee akapata mkia tu. "Kumi na mbili! Mama Eliya, kijana ni wa kumi na mbili duniani!" Jumapili usharika mzima ukamshukuru Mungu. Vijana wenye simu janja bila shaka walijua ukweli, lakini nani angemwumbua mzee Sumari kanisani?

Eliya angeweza kupiga tena dakika ile ile. Hakupiga. Mzee aliwahi kumchapa kwa kushika namba ya ishirini na mbili darasani. Angemwelezaje kwamba kuwa wa mia nane na kumi na mbili ni jasho la miaka sita? Akaona aibu, akanyamaza. Tangu hapo, akiulizwa, alikata mamia na kutaja mkia. Si uongo, alijiambia, ni kufupisha. Mtu akitaka kujidanganya hakosi neno zuri.

Masika ya mwaka jana mama yake, Ndeshi, akaugua. Baba akamwita. Eliya akaacha mashindano matatu, akamuuguza mwezi mzima, kisha akarudi viwanjani na kucheza vizuri kuliko wakati wowote. Oktoba akapanda hadi wa mia saba na sitini. Baba akapiga simu.

"Wa ngapi sasa?"

"Sitini," akasema kwa mazoea, na kabla hajafunga mdomo akajua amejikaanga mwenyewe.

"Kutoka kumi na mbili mpaka sitini," baba akasema polepole. "Pole, mwanangu."

Siku yake kubwa kuliko zote, na Eliya akaipokelea pole.

Mama alifariki Desemba. Jumamosi hii ndugu na majirani walikusanyika uani kwa ibada ya shukrani baada ya msiba. Mchungaji alipomaliza, mzee Sumari akasimama, kofia mkononi.

"Nina neno kwa mwanangu. Ulikuwa wa kumi na mbili duniani. Tukakuita uje kuuguza, ukaanguka mpaka sitini. Mbele ya watu hawa, naomba utusamehe."

Shangazi Violet alikuwa anafuta machozi. Kunyamaza kulikuwa rahisi, Eliya alikuwa amekuzoea. Lakini kumwacha baba yake mzazi aombe msamaha kwa kosa lisilokuwepo? Alijiona mchafu kuliko siku zote. Akainuka.

"Baba, sikuanguka." "Sikuwahi kuwa wa kumi na mbili. Nilikuwa wa mia nane na kumi na mbili, simu ikakata maneno, nikaona aibu kukurekebisha. Na ile sitini ni mia saba na sitini. Nilikuwa nimepanda. Kumuuguza mama hakukuniangusha hata kidogo. Nisamehe, baba."

Mtu mmoja akacheka huko nyuma, akanyamazishwa. Mzee alikuwa anahesabu, midomo ikimcheza.

"Kwa hiyo ulipanda."

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nikakupa pole."

Hakukasirika, na Eliya alitamani sana akasirike. Mzee aliketi, akawa anaizungusha kofia magotini.

"Yale maneno si yangu," akasema, safari hii kwa sauti ya chini, kwa mwanawe peke yake. "Ni ya mama yako. Wiki ile ya mwisho hakuwa na wazo lingine: nimemwangusha mtoto, nimemwangusha mtoto. Akanituma nikuombe msamaha." Akainua macho. "Sasa jibu nampelekea wapi?"