Uko na Nani?

Chimène alikuwa mtu wa ghala na kanisa. Huko South End, Louisville, alipanga maboksi kutwa, akarudi kwa wazazi wake kumpima baba sukari, akampikia, akaenda kwaya. Miaka yote hivyo. Kwa hiyo rafiki zake wawili, Séphora wa Columbus na Aksanti wa Buffalo, walipompigia kumwambia kwamba wanaenda Brazili, jiji la Salvador, msimu wa karnivali, moyo wake ulikubali kabla ya mdomo. Watatu hao, watoto wa wakimbizi wa Kivu, Kongo, walikulia kambi moja Uganda, wakala sahani moja. Sasa wote wana pasipoti ya Marekani, na Aksanti, ambaye husuka nywele Grant Street na hana haya, alisema pasipoti isiyosafiri haina tofauti na daftari.

Tatizo lilikuwa baba yake, mzee Bagula. Alikuwa shemasi, na kwake ngoma yoyote isiyo ya kanisani ilikuwa ya shetani, sembuse ngoma ya watu waliovaa manyoya na kuacha mapaja nje. Chimène alidai anaenda Columbus kupumzika wiki moja kwa Séphora. Njia ya uongo ni fupi, lakini nani hukumbuka methali akiwa anafunga sanduku? Mzee alimwekea mkono kichwani akaiombea safari ile, na Chimène akaitikia amina huku ameinamisha macho. Mdogo wake, Kataliko, akaachiwa kazi ya kupima sukari.

Salvador iliwapokea kwa jasho. Malori makubwa kama nyumba yalitambaa barabarani, juu yake wanamuziki, nyuma yake umati unaruka. Wanawake waliovaa nguo nyeupe walikaanga kunde zilizosagwa, na mafuta yenyewe yalikuwa mawese. Harufu ile ilimsimamisha Chimène katikati ya watu, machozi yakimlengalenga, maana lilikuwa jiko la mama yake la utotoni kabisa. Wenyeji walimsemesha Kireno wakidhani ni mwenzao. Séphora, ambaye Columbus huogesha vikongwe kwa sauti ya upole, alipiga kelele mpaka akakaukiwa na sauti. Na Chimène alicheza. Tusimwonee, alicheza vizuri, na kiuno chake kilijua mambo ambayo kwaya haikumfundisha.

Siku ya tatu asubuhi mama yake alipiga simu. Chimène aliiona, akaiacha iite, kwa sababu ngoma zingesikika. Kataliko akapiga, naye akaachwa. Mchana simu zikazidi, kisha ukaingia ujumbe wa mama, maneno matatu tu: Uko na nani?

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtoto wa Kivu hapaswi kulifanya. Kwetu msiba hausemwi ovyo kwenye simu. Mtu huulizwa kwanza yuko na nani, kisha hutafutwa watu wa karibu waende kukaa naye, wamshike, ndipo aambiwe. Ukiulizwa swali hilo huanza kulia hata kabla ya kujibu. Lakini mwenye hatia huisikia hatia yake tu. Chimène aliliona kama swali la askari. Alidhani picha imezagaa mtandaoni, mama ameona mapaja. Aksanti alicheka, akasema azime simu, atajibu kesho. Akazima, akarudi kucheza.

Saa hizo Columbus theluji ilikuwa inaanguka. Mzee Birindwa, kiongozi wa Wakongo wa huko, na akina mama wa kanisa walikuwa mlangoni kwa Séphora, na sufuria ya wali imefungwa kwa taulo isipoe. Walikuwa wamepigiwa kutoka Louisville waende kumshika mtoto wa shemasi Bagula kabla hajaambiwa kwamba baba yake hayupo tena. Waligonga. Wakarudi garini kungoja, wakagonga tena. Walipoondoka, theluji ya kizingitini ilikuwa na nyayo zao wenyewe tu.

Kesho yake alipowasha simu, alikuta Kataliko, ambaye mila zilimpita kando, ameandika bila kuzunguka: Papa amekufa, uko wapi?

Safari ya kurudi hakuikumbuka vizuri. Aliingia nyumbani akitarajia matusi, akakuta sebule imejaa watu na mikeka, na kila mtu anampa pole ya barabara. Mama yake alikuwa amewaambia wote kwamba njia ya Columbus ilifungwa kwa theluji, gari likakwama. Mama huyo hata umri wake hajawahi kuupunguza. Basi Chimène akaketi akipokea pole ya theluji, pua yake ikibambuka kwa jua. Birindwa naye alikuwa amekuja kwenye kilio. Alimshika mikono yote miwili, akautazama uso ule, akasema, "Pole na barabara, binti yangu." Chimène aliona aibu. Angetukanwa, angepata nafuu.

Siku ya kumaliza kilio, kifungua mimba husimama kushukuru watu. Chimène alikuwa ameazimia kusema kweli, liwalo na liwe. Alisimama, akaanza, "Wazazi wangu, mimi sikukuwa Colum..." Akaangua kilio. Kwetu mfiwa akishindwa kusema haachwi na kimya, na akina mama wa kwaya wakafanya wanachofanya siku zote, wakaanzisha wimbo. Alijaribu tena. Walipoona midomo inatetemeka, wakaimba kwa nguvu zaidi kumsaidia, wakamfunika kitenge, wakamketisha.

Watu walipotawanyika, alimfuata mama yake jikoni, akapiga magoti karibu na sufuria chafu, akasema yote, Brazili na ngoma na simu aliyoizima. Mama hakushtuka. Aliendelea kusugua.

"Hii ya theluji ni kitu kidogo," alisema mwishowe. "Watu nitawaomba musamaha. Lakini papa yako alikuwa anakuita asubuhi ile. Chimène iko wapi, Chimène iko wapi. Tukakupigia, haukushika simu. Bon, nikamwambia uko mu barabara, unafika sasa hivi. Akakataa kufunga macho, ati anakungojea. Alikufa anaangalia mulango, Chimène. Na ni mimi njo nilimwambia aangalie. Yeye sasa nitamuomba musamaha wapi?"

Chimène alimwomba mama yake ampige. Mama alisema hana nguvu, akamsogezea sufuria nyingine.