Sufuria za Kuazima

Mtu akikuambia Temeke kuna siri, muulize anakaa Temeke ipi. Zubeda alizaliwa hapo hapo, akakulia hapo hapo, akasomea kompyuta mpaka akajua hesabu za kitu kinavyoanguka na kudunda, lakini jambo dogo kama hilo akalisahau. Asubuhi na mapema akatoka nyumba kwa nyumba kuazima vyombo. Sufuria kwa huyu, sinia kwa yule, mchi, upawa, vifuniko. Akiulizwa vya nini, anacheka tu: "Mtaona wenyewe, inshallah."

Weee! Binti mkubwa vile, hajaolewa, anakusanya vyombo vya mtaa mzima huku anachekacheka, kama si harusi ni nini? Mama Mashaka, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye mdomo wake haujapata kuona pazia, alitoa sinia lake kubwa kwa mikono miwili. Sinia halijafika mwisho wa uchochoro, yeye keshafika bombani. "Zubeda kachumbiwa!" Wenzake wakasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kabla ya adhuhuri bwana harusi alikuwa keshapewa gari, keshapewa na nyumba Mbezi Beach, na jina bado hana.

Masikini Zubeda, yeye akili yake yote ilikuwa studio. Mehdi, kijana wa Kihindi mwenye studio ya video nyuma ya duka la mbao, alikuwa amemwajiri kushika taa kwenye harusi za watu. Baadaye akanunua kompyuta, na Zubeda akaikalia, akasahau taa. Televisheni ndiyo kwanza zimeanza kuingia mitaani, na Mzee Haiderali, muuza vyombo wa jumla, alitaka tangazo la Idi. Zubeda akamwahidi picha ya kompyuta, vyombo vitakavyosukumana vyenyewe, kimoja baada ya kingine, mpaka kifuniko cha mwisho kifunike sufuria.

"Mzee akilikataa hili," Mehdi alimwambia, "mie kompyuta naiuza, dada yangu. Na wewe unarudi kwenye taa."

Kurudi kwenye taa! Kusimama ukutani usiku kucha, jasho linakutiririka, watu wanacheza! Zubeda alikuwa tayari kulala njaa kuliko kurudi kule.

Sasa kazi yenyewe ilikuwa hivi. Yeye hakuchora mwendo wa kitu chochote. Aliipa kompyuta umbo la kila chombo na uzito wake, akaiambia kinateleza vipi na kinadunda vipi, kisha akasukuma limau moja la kuanzishia na kuachia. Yaliyobaki mashine inakokotoa yenyewe, nawe unakaa pembeni kama mtazamaji mwingine. Mwanzo aliweka uzito wa kubuni, na matokeo yake yalikuwa kichekesho: sufuria zilielea kama mifuko ya nailoni kwenye upepo, na kifuniko cha mwisho kikapita juu kwa juu kikaenda zake. Ndiyo maana akaazima vyombo vya kweli. Alivipima kwenye mizani, akaviangusha sakafuni kimoja kimoja, akavisereresha juu ya ubao ulioinamishwa, akarekebisha kila kitu na kuiachia mashine ikokotoe upya.

"Haitawahi," Mehdi alinong'ona. "Mzee anakuja alasiri. Chukua ile ya jana, kile kifuniko kisogeze kwa mkono. Nani atajua?"

"Mwanamke yeyote aliyewahi kufunika wali atajua. Mzee akitaka cha kusogezwa kwa mkono, akamtafute mchora katuni."

"Haya. Lakini ikikwama, usinililie mie."

Zubeda akaigeukia mashine, akahesabu dakika zilizobaki.

Mara mlango ukafunguka kwa kishindo. Bi Hamisa, mama yake, kitenge kimemlegea kwa hasira, na nyuma yake Mama Mashaka na kundi zima la bombani.

"Yuko wapi?"

"Nani, mama?"

"Huyo mwanamume anayekuoa mie mama yako sina habari! Tangu asubuhi napewa hongera na mtaa mzima, naitikia tu kama mwehu!"

Zubeda aliwatazama, akatazama vyombo vilivyojaa sakafuni, ndipo ikamwingia. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama, hakuna mwanamume. Vyombo ni vya hii tu." Akaonyesha kompyuta.

"Makubwa!" Mama Mashaka akadakia. "Bwana harusi kichwa sanduku!"

Bi Hamisa hakucheka. "Umenivua nguo mbele ya watu, Zubeda. Sasa niwaambie nini?"

Kabla hajajibiwa akaingia Mzee Haiderali. Shikamoo zikamiminika, mzee akaitikia marahaba huku anashangaa kuona umati wote ule. Na kompyuta nayo ikalia: imemaliza. Zubeda mwenyewe alikuwa hajaona kitu. Akasema bismillahi, akabonyeza.

Limau likabingirika, likagonga mchi. Mchi ukaangukia upawa, upawa ukarusha kikombe, kikatua kwenye sinia.

"Sinia langu hilo!" Mama Mashaka akapiga kelele. Sinia likaserereka, likagonga kifuniko. Kifuniko kikasimama kwa ukingo, kikabingirika hadi mdomoni mwa sufuria, kikaanza kuzunguka kama shilingi iliyoanguka sakafuni.

"Kitatoka nje!"

"Hakitoki!"

"Lala!" Sauti ilikuwa ya Bi Hamisa, kasogea mpaka pua inakaribia kioo. "Lala mwanangu, lala!"

Kikayumba, kikayumba, kikalala. Sufuria ikafunikwa barabara.

Kompyuta haikuwa na sauti. Lakini Bi Hamisa alipiga kigelegele, Mama Mashaka akapokea, na chumba kikalipuka. Machozi yalimtoka Zubeda, na hakuyafuta.

"Mehdi," Mzee Haiderali alisema huku ameziba sikio moja, "hivyo vigelegele navyo vitiwe humo humo. Nalichukua hivi hivi."

Vyombo vya jirani havirudi vitupu, na Bi Hamisa si mtu wa kukosa adabu. Jioni ile ile aliwasha meko matatu uani, pilau ikapikwa kwenye sufuria zote zilizoazimwa. Shangazi mmoja, aliyetoka Segerea mbiombio baada ya kusikia habari, akafika amejipamba, akaangaza huku na huku.

"Wifi, mbona harusi haina bwana?"

Bi Hamisa alimpakulia pilau, akamkalisha karibu na Zubeda.

"Wewe kula. Kwani mwanangu leo kapungukiwa nini?"